Kifuniko cha Mali: Jinsi ya Kuchagua Turubai la Kuhifadhia na Kusafirishia Vyombo

Nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Majengo hadi Umoja, Kayole na Donholm, zilijengwa kwa ajili ya watu kulala, wala hazikujengewa ghala. Chumba kimoja au viwili hutosha kuswali, kupika na kupumzika. Mali iliyobaki hujitafutia mahali. Ndiyo maana utaona kabati kwenye roshani limeviringishwa karatasi ya nailoni, masufuria makubwa ya pilau yamepinduliwa uani chini ya gunia, na meza ya biashara imefungwa kamba kando ya lango la ploti ikingoja asubuhi.

Vitu hivyo si takataka za nyumba. Cherehani ndiyo karo ya watoto. Masufuria na viti ndivyo mtaji wa chama cha akina mama wanaokodisha vyombo vya harusi. Meza ya lango ndiyo chakula cha jioni. Hata hivyo, kifuniko kinacholinda mali hiyo huwa ndicho kitu kinachonunuliwa kwa haraka zaidi, aghalabu siku mvua inapoanza kunyesha, na kwa kuuliza swali moja tu: ni bei gani?

Swali hilo si baya, bali halitoshi. Mali iliyowekwa nje ina maadui watatu: jua, maji yatokayo juu, na unyevu utokao chini na ndani. Kifuniko kinaweza kumshinda adui mmoja huku kikimfungulia mlango mwenzake. Wapo waliofunika godoro kwa nailoni nzito wakidhani wamelihifadhi, wakalifunua baada ya miezi miwili likiwa jeusi kwa kuvu ilhali tone moja la mvua halikuligusa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, yafaa kujiuliza: chombo changu kinaharibiwa na nini hasa?

Waliyoyajua wenye vyombo vya bahari

Watu wa pwani hawakungoja viwanda ili waijue thamani ya kifuniko. Fundi wa jahazi au dau huanza kwa kukalafati, yaani kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kisha mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, na sehemu ikaayo majini hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kila sehemu ya chombo hupewa kinga yake kulingana na adui wake.

Tazama pia namna mvuvi anavyokiweka chombo chake kinapopandishwa nchi kavu. Hukitafutia kivuli cha mti au banda la makuti, hukiinua juu ya magogo, na mahali pengine hukifunika kwa makuti yenyewe. Anafanya hivyo kwa sababu chombo cha mbao kikiachwa juani hukauka kupita kiasi. Mbao hujikunja, maungo yake hufunguka, na siku kikirudishwa majini huvuja. Adui mkubwa wa chombo cha baharini, kikiwa pwani, si maji. Ni jua. Na lile banda la makuti lina ubora ambao karatasi ya nailoni haina: huzuia jua na mvua, lakini halizuii upepo kupita.

Vyombo vya kisasa navyo vina somo lilo hilo. Kayaki, ile mitumbwi midogo ya kupigia kasia ambayo wageni huipenda katika maeneo kama hori la Mida karibu na Watamu, mingi yake hutengenezwa kwa polithini, plastiki ya jamii moja na ile ya matangi ya maji yaliyojaa juu ya mapaa ya Eastlands. Mwenye kayaki hushauriwa mambo manne: aiinue kutoka ardhini, aiweke kivulini, aifunike kwa kitambaa kinachopumua, na anapoisafirisha juu ya gari ahakikishe kifuniko kimebana ili kisipigwepigwe na upepo. Anayehifadhi cherehani, viti au masufuria anahitaji mambo hayo hayo manne.

Jua la Nairobi si jua dogo

Wengi waliotoka Mombasa, Malindi au Lamu wakahamia Nairobi hudhani kwamba jua la bara ni la upole. Mwili husema hivyo kwa kuwa hewa ni baridi. Lakini joto na mionzi ni mambo mawili. Kinachounguza ngozi, kupausha nguo na kuikatakata plastiki ni mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na mwili hauihisi. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 tunazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya kuichuja hupungua. Nairobi iko karibu na Ikweta, tena iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700. Siku anga ikiwa wazi, turubai lililotandazwa Buruburu hupigwa na mionzi mikali kuliko lililotandazwa Likoni, ingawa aliye Likoni ndiye anayetokwa na jasho.

Hii ndiyo sababu ya turubai jepesi kuanza kupauka, kisha kuwa gumu kama karatasi kavu, kisha kumwaga vumbi la vipande vidogovidogo linapokunjwa. Likifika hapo limekwisha kufa, hata kama bado linaonekana zima kwa mbali. Ni jua lililolitoboa kabla ya mvua.

Matangi ya maji yanaweza kutufundisha jambo moja juu ya rangi. Mengi ni meusi kwa sababu plastiki yake imechanganywa na masizi meusi ya kiwandani, ambayo huinyonya mionzi kabla haijaikata plastiki yenyewe. Rangi nyeusi, basi, huwa na umri mrefu juani. Lakini rangi hiyo pia hunyonya joto, na kilicho chini yake hupikika. Turubai jeupe au la rangi ya fedha hurudisha mwanga na kuiacha mali ikiwa baridi zaidi. Baadhi ya maturubai yana upande mmoja wa fedha na upande mwingine mweusi au wa buluu. Upande wa fedha ndio uelekezwe juani.

Unyevu unaotoka ndani

Adui wa tatu ndiye mjanja kuliko wote kwa kuwa hupita chini ya kifuniko chenyewe. Sakafu ya simenti iliyo juu ya udongo hutoa unyevu. Mbao na godoro huwa na unyevu ndani yake. Mchana jua hupasha joto vitu hivyo, mvuke ukatoka. Usiku baridi inapoingia, mvuke hugota upande wa ndani wa nailoni ukageuka matone, nayo matone hudondoka juu ya mali. Kila siku mzunguko huo hurudiwa. Baina ya Juni na Agosti, Nairobi inapokuwa na mawingu na baridi kwa majuma mengi, hakuna jua la kutosha la kukausha kilicholowa, na hapo ndipo kuvu hustawi.

Jaribio lake ni rahisi. Amka alfajiri, inua pindo la kifuniko na upitishe kiganja upande wa ndani. Mkono ukilowa ilhali mvua haikunyesha, kifuniko hicho hakipumui, nacho kinaiozesha mali polepole. Si lazima ukitupe. Mara nyingi kinahitaji tu kuinuliwa na kupewa nafasi ya hewa, kama tutakavyoeleza.

Aina za vifuniko na kazi zake

Karatasi ya nailoni ndiyo nyepesi na rahisi kupatikana. Huzuia vumbi na maji kwa siku chache, nayo yafaa kwa safari moja au kwa kufunika ndani ya chumba. Juani haidumu, na haipumui hata kidogo. Isiachwe mahali watoto wadogo wanapocheza, kwani mtoto anaweza kujifunika uso akakosa hewa.

Turubai la plastiki lililofumwa, ambalo huwa la buluu, kijani au rangi ya machungwa, limefumwa kwa nyuzi za plastiki kisha likapakwa ngozi nyembamba ya plastiki juu na chini. Ubora wake hupimwa kwa uzito wa kila mita moja ya mraba. Lenye gramu 100 au chini yake ni la msimu. Lenye gramu 200 na zaidi huvumilia zaidi. Muulize muuzaji uzito huo, na akiwa haujui, chukua maturubai mawili ya ukubwa mmoja uyapime kwa mikono. Kisha likunje pembeni na ulisugue kwa kidole: ngozi ikimenyeka dukani, itamenyeka mapema zaidi juani.

Turubai zito la lori limetengenezwa kwa kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki nene ya vinili. Uzito wake huanzia kama gramu 500 kwa mita ya mraba. Halipitishi maji, halipasuki ovyo, na hudumu kwa miaka. Hili ndilo la barabarani na la kibanda cha biashara. Kasoro zake ni uzito na kutopumua. Vitambaa vya mabango makubwa ya matangazo ni vya jamii hii, ingawa ni vyembamba kidogo, navyo hutumiwa tena na watu wengi wakishamaliza kazi yake ya kwanza. Kabla ya kununua bango kuukuu, lishike mbele ya mwanga utazame vitundu na mikunjo iliyopasuka.

Turubai la pamba, lile la mahema ya zamani, ndilo mpole kwa mali. Nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba nafasi, maji yasipite kwa wepesi. Zikikauka hufunguka, mvuke ukatoka. Lafaa sana kwa mbao, cherehani na viti vya kitambaa vinavyokaa muda mrefu mahali palipo na paa. Lakini likikunjwa likiwa limelowa huoza na kunuka kwa siku chache, na kwa mvua ya masika lahitaji kuwekwa mteremko mkali.

Mwenye nyumba anaweza kuunganisha mawili: kitambaa cha pamba au shuka kuukuu safi kikigusa chombo, na turubai la plastiki juu yake likiwa limeinuliwa. Kitambaa hunyonya jasho la ndani, nalo turubai hukinga mvua ya nje.

Sasa turudi kwenye bei. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, turubai moja ni shilingi 1,000 nalo ladumu miezi sita, na jingine ni shilingi 4,000 nalo ladumu miaka minne. La kwanza litakugharimu shilingi 2,000 kwa mwaka. La pili shilingi 1,000. Na hapo hatujahesabu mali itakayoharibika siku turubai la kwanza litakapopasuka usiku. Rahisi hugharimu, walisema wazee. Kwa upande mwingine, kununua turubai la lori kwa kufunika kiti cha plastiki cha bei ndogo ni israfu. Kifuniko na kifunikwacho vilingane.

Kupima na kushonesha

Kifuniko kikubwa kupita kiasi hukusanya maji na kupigwa na upepo. Kidogo huacha miguu wazi. Pima chombo chenyewe. Kwa meza yenye urefu wa sentimita 180, upana wa 75 na kimo cha 90, ukitaka kifuniko kiishie sentimita 10 juu ya ardhi ili hewa ipite, kila upande unahitaji mteremko wa 80. Upana wa kitambaa utakuwa 75 na 80 na 80, jumla 235. Urefu utakuwa 180 na 80 na 80, jumla 340. Ongeza sentimita 5 kila pembe kwa ajili ya pindo, upate 245 kwa 350.

Mafundi wa kushona maturubai na mahema hawakosekani katika masoko ya Eastlands. Kamukunji, jirani na Gikomba, ndiko kwenye mafundi wa chuma ambao jina lao la jua kali lilitokana na kufanya kazi bila paa. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mwaka 1985, na baadaye wakajengewa mabanda ya kivuli. Ukimwendea fundi, mweleze mambo haya. Pindo likunjwe mara mbili. Pembe nne ziongezewe kipande cha pili cha kitambaa, kwa kuwa hapo ndipo panapochanika kwanza. Pete za chuma za kupitishia kamba ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, zikikaribiana kwa nusu mita au chini yake. Uzi uwe wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza mapema na mshono ukafunguka hali kitambaa ni kizima. Mishono ipite pembeni na isipite katikati ya juu, mahali maji yanapotua.

Akimaliza, lijaribu hapo hapo. Mimina kikombe cha maji juu ya mshono, usubiri, kisha tazama chini yake. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Kuhifadhi nyumbani

Jambo la kwanza ni kuinua. Weka matofali mawili mawili au mbao chini ya chombo, kiwe juu ya sakafu angalau kwa upana wa kiganja. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyozikumba Mathare na sehemu nyingine za Nairobi, yaliwaonyesha wengi kwamba hakuna kifuniko kinachozuia maji yanayotoka chini. Katika maeneo yaliyo karibu na mto, cherehani na nyaraka zapaswa kuwa na mahali pa juu panapojulikana na kila aliye nyumbani kabla ya masika ya Machi na vuli ya Oktoba.

Jambo la pili ni mteremko. Turubai lililolegea katikati huwa bakuli. Maji yakituama juu yake, uzito wake hulivuta na kulichana, na yakikaa siku kadhaa huwa makazi ya viluwiluwi vya mbu. Familia zenye jamaa Mombasa hazihitaji kukumbushwa: dengue ililikumba jiji hilo mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017, maradhi yaletwayo na mbu anayependa kutaga katika maji machache yaliyotuama karibu na nyumba. Weka ubao au fito katikati iinuke kama mgongo wa paa, maji yateremke pande zote. Nafasi ile ile iliyo chini ya fito ndiyo itakayopitisha hewa.

Jambo la tatu ni kufunua. Siku ya jua, mara moja kwa juma, ondoa kifuniko kwa saa moja. Kung'uta, anika, tazama dalili za panya na mchwa, kisha rudisha. Kifuniko kisifungwe kikiwa na maji.

Kila chombo kina adabu yake. Cherehani ipakwe mafuta yake mepesi, ivishwe kitambaa cha pamba, kisha ndipo turubai liwekwe juu. Masufuria yakaushwe kabisa kabla ya kupangwa, na baina yake kuwekwe magazeti au vitambaa. Godoro lisihifadhiwe nje ikiwezekana. Ikilazimu, lisimamishwe kwa ubavu juu ya mbao na kufunikwa kwa shuka kwanza. Kiti cha plastiki, ndoo na vyombo vya jamii hiyo huhitaji kivuli kuliko wanavyodhani wenye navyo, kwa kuwa jua huvifanya vivunjike ghafla chini ya mtu.

Na kwa akina mama wenye vibanda vya chapati, mahamri na viazi karai, liko la moto. Plastiki hushika moto kwa wepesi, huyeyuka, na matone yake yanayowaka huanguka juu ya watu. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15. Jiko la makaa na turubai la plastiki vikae mbali. Upande ulio juu ya jiko uwekwe bati. Usiku usifunike meza iliyo na jiko lenye majivu ambayo hujahakikisha yamezimika.

Kusafirisha

Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni takriban kilomita 480, na mara nyingi mizigo ya harusi, ya kuhama au ya Idi husafiri usiku juu ya pikapu, lori au kerea ya basi. Hapa kifuniko hukutana na adui wa nne, yaani upepo. Turubai lililolegea hupigapiga kwa saa nane, na kila pigo ni kama kusugua kwa msasa: hulichana lenyewe na kuikwaruza rangi ya kabati lililo chini.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni hii: kamba hushika mzigo, turubai hufunika mzigo, na kazi hizo zisichanganywe. Funga mzigo kwanza mpaka usitikisike. Kisha tandaza turubai. Kisha lifunge turubai kwa kamba zake. Wengi huruka hatua ya kwanza, wakalivuta turubai kwa nguvu ili lifanye kazi ya kamba. Pete hung'oka kabla ya kufika Mtito Andei, na mzigo hubaki bila mshikaji wala mfunikaji.

Likiwa turubai si moja, yapangwe kama makuti yanavyopangwa kwenye paa. La mbele lilalie la nyuma ili upepo usiingie chini yake, na la juu lilalie la chini ili maji yateremke nje. Mapindo yakunjwe ndani. Kila mahali kamba inapopita juu ya ukingo mkali, weka kitambaa kilichokunjwa. Kamba hulikata turubai, nao ukingo huikata kamba. Mipira ya blada hubana vizuri, lakini isitegemewe peke yake, kwa kuwa hulegea. Vyombo vya plastiki, iwe ni tangi au kayaki, visikazwe kupita kiasi, maana plastiki ikipata moto wa jua hulainika na kubonyea mahali pa kamba.

Mwombe dereva asimame baada ya nusu saa ya kwanza. Mzigo hutulia barabarani, kamba hulegea, na kuzikaza wakati huo ni kazi ya dakika tano. Wapo wanaoona haya kuomba hivyo, wakasema tumemwachia Mungu. Mafunzo ya dini yetu yanajulikana na kila mtoto wa madrasa: ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo tawakali.

Mzigo ukifika pwani, usiuache ndani ya nailoni mpaka kesho. Chuma kilichotoka kwenye baridi ya bara kikikutana na hewa ya Mombasa yenye joto na unyevu hutoa jasho, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho mezani, na hewa ya chumvi humaliza kazi. Legeza vifuniko, pangusa cherehani kwa kitambaa kikavu, ipake mafuta, uiache ipate hewa ndani ya nyumba. Turubai nalo lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, likauke, ndipo likunjwe. Lisikunjwe kila siku kwa mistari ile ile, kwani mkunjo wa kudumu ndio ufa wa kesho.

Kifuniko na amana

Mali nyingi zinazofunikwa katika ploti za Eastlands si za mtu mmoja. Masufuria ni ya chama. Viti vimekodishwa. Cherehani imenunuliwa kwa mkopo ambao wanachama wote wameudhamini. Godoro ni la shangazi aliyesafiri akaomba awekewe. Kitu cha namna hiyo kikiharibika kwa kuvu au mvua, hasara yake haiishii kwenye bei. Huingia baina ya jirani na jirani, na maneno yake hudumu kuliko doa la kutu.

Kwa hiyo chama chenye vyombo vya kukodisha na kiandike mambo matatu katika daftari lake: nani anakaa na turubai, nani analikagua kabla ya masika na vuli, na fungu gani la mapato linatengwa kila mwezi ili lipatikane jipya la zamani likichoka. Mwenye kukodi naye aonyeshwe hali ya kifuniko wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, kama anavyohesabiwa sahani na vikombe. Na anayepokea amana ya jamaa amuulize mapema: chombo hiki kikae ndani au nje, kifunikwe kwa nini, na kifunuliwe na nani?

Mvua za vuli hazingoji mtu amalize kushonesha. Mwenye mali uani na ashuke leo jua likiwa bado liko, ainue pindo, apitishe kiganja chake upande wa ndani, na atazame mkono wake umetoka mkavu au umelowa.